Vijana Kumi na Wawili Wafuatao

4 Februari 2001

Kaka yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa jikoni, maana chumba cha mbele kimejaa mafundi wa paa. Lile bati lililokuwa likivuja juu ya kabati limeng'olewa, na kutu yake yote imehamia kwenye chai yangu. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yana maneno mengi wakati wa kuinuka. Binti yangu muuguzi amehamishiwa wodi ya wazazi, anakusalimu. Mjukuu ameanza shule na tayari ameshagombana na mwalimu. Mwambie wifi yangu kitambaa chake kilitosha gauni na kikabaki cha foronya.

Najua sijakuandikia miaka mitatu. Na wewe hukuniandikia, kwa hiyo tuko sare.

Kaka, Injinia anaumwa. Ni figo. Miguu imevimba na uso umebaki mifupa. Nakwenda kumwona kila Jumatano, kwani pamoja na yote yeye ni mtoto wa Baba Mdogo, tumekua naye nyumba moja. Wiki iliyopita alisubiri mwanawe atoke chumbani, akanishika mkono, akasema, "Mwandikie kaka yako. Mwambie aje kabla sijaondoka. Nataka kumwomba radhi." Nikamwuliza radhi ya nini. Akasema, "Yeye anajua."

Daktari anahesabu miezi, hahesabu miaka. Simu hutaisikia, ndiyo maana naandika. Njoo, Kaka. Mtu asife na jambo kifuani wakati mwenye kumwondolea yuko hai.

Mdogo wako

2 Machi 2001

Kwako Vidole,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe ishirini na tatu na nimeiweka chini ya redio wiki nzima nikiitazama. Redio yenyewe ni ya wifi yako, mimi hainisaidii. Sisi wazima. Wifi yako anakohoa, lakini anakohoa huku akinigombeza, kwa hiyo sina wasiwasi. Kiwandani wamenipa barua ya kustaafu. Miaka thelathini na minane nikisimama kando ya msumeno wa magogo, na zawadi waliyonipa ni saa ya ukutani yenye kengele. Kengele, kwa kiziwi! Nimewashukuru.

Sasa tuzungumze. Bahasha yako ilifunguliwa ikafungwa tena. Gundi ilikuwa ya rangi mbili. Nani aliisoma kabla yangu? Ulimwonyesha yeye uliyoyaandika? Au ndiye aliyekusomea cha kuandika?

Miaka mitatu kimya, halafu ghafla bati, foronya, na Injinia. Mimi si mtoto. Kama kuna karatasi inayotaka sahihi yangu, sema. Kama wanawe wanataka jina la ukoo liwe safi ili wapate jambo fulani mahali fulani, sema pia. Mtu mkubwa kama yule haombi radhi bure.

Na kama umesahau, nikukumbushe. Mwaka ule wa kwanza wa uhuru jina langu lilikuwa kwenye orodha ya vijana wa kwenda ng'ambo kusomea uhandisi. Mkuu wa shule aliniambia kwa mdomo wake, akanipa mkono. Wiki ileile Baba Mdogo akaonekana akitoka katika ofisi yenu, ulikokuwa mpiga taipu, ana bahasha kwapani. Orodha ikabandikwa. Mwanawe yumo, mimi simo. Yeye akapanda ndege, mimi nikapanda lori la magogo. Baba yetu akafa hajamsemesha ndugu yake wa tumbo moja. Habari ndiyo hiyo, haina sehemu ya pili. Radhi akaombe kwa Mungu.

Ukijibu, funga bahasha kwa utepe wa plastiki.

Kaka yako

20 Machi 2001

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimefunga kwa utepe kama ulivyoamuru, mpaka karani wa posta ameniuliza kama natuma dhahabu. Bahasha ile niliifungua mwenyewe. Mjukuu alilia kwamba hakuchora ua lake ndani, nikafungua ili achore, akasinzia. Mpelelezi wako ana miaka sita na hana meno ya mbele.

Paa limekwisha. Mpe pole wifi na kikohozi chake.

Injinia sasa hawezi kukaa bila mtu kumshika. Jumatano aliniuliza, "Amejibu?" Nikamwambia barua zinachelewa. Sikupenda kumdanganya, ila barua yako ile ningemsomeaje?

Umenirudisha ofisini, Kaka, nami nimeshindwa kutoka. Unakumbuka nilivyoipata kazi? Nilikuwa na miaka kumi na sita. Bendera ilikuwa na miezi mitatu. Mama wa kizungu aliyekuwa mpiga taipu alifunga sanduku lake Ijumaa, na Jumatatu nikawa nimekaa kwenye kiti chake, miguu haifiki sakafuni vizuri, kwa sababu tu kozi ya jioni ilinifundisha kuandika bila kutazama vidole, ndipo ukaanza kuniita Vidole. Ofisi nzima tulikuwa wageni wa kazi zetu. Karani Mkuu alikuwa na wiki sita kwenye cheo, kabla ya hapo alikuwa akigawa mafaili. Alinunua miwani kabla ya kujua kama macho yake yanaihitaji. Tulikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nilikuwa nakuja asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, naugusa ukuta wa nje kwa kiganja. Nilijiambia ukuta huu ni wetu.

Na tulikuwa na hofu. Hilo watu wakisimulia uhuru hawalitaji. Kila kosa lilikuwa na jina moja, hujuma. Unamkumbuka mwenye stoo, yule mnene aliyependa mafumbo? Alipeleka maboksi ya fomu kwenye ofisi ya wilaya nyingine, kosa la mtu asiyesoma lebo, basi. Wakaja wanaume wawili wa mashati meupe, wakaongea naye kwa heshima, wakamfungulia mlango wa gari. Saa saba mkewe akafika kaunta na chakula chake cha mchana ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa. Hakuna aliyejua amwambie nini. Sikumwona tena yule bwana.

Lakini nataka kukuambia jambo moja tu. Baba Mdogo hakumhonga mtu. Ile bahasha ya kwapani ilikuwa fomu ya afya ya mwanawe, ilihitaji muhuri. Muhuri niligonga mimi. Naweza kuapa mbele ya yeyote.

Njoo, Kaka. Basi ni siku moja na nusu.

Mdogo wako

15 Aprili 2001

Kwako Vidole,

Marahaba. Kikohozi kimepona, kugombeza kunaendelea. Saa ya ukutani nimeitundika. Wifi yako anasema inalia vizuri.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umepanga maneno vizuri, nilikuwa nimesahau kwamba wewe ni mtu wa kupanga maneno. Lakini kuna mahali umeniruka. Miaka thelathini na tisa nimesema Baba Mdogo alihonga, nimesema mbele yako, mezani, msibani, barabarani. Hukufungua mdomo hata siku moja kusema, "Hapana, muhuri niligonga mimi." Leo ndiyo unaapa. Mtu haapi hivihivi. Anaapa kwa sababu kuna kitu anakijua, au kuna kitu anakifunika.

Kwa hiyo nijibu, moja baada ya jingine, bila kunivisha kilemba cha ukoka:

Nani alileta orodha ile mezani kwako? Ilikuwa imeandikwa kwa mkono au kwa taipu? Nani aliiandika upya? Nani aliisoma kabla haijatolewa nakala? Karatasi ya kwanza, ile ya mkono, ilikwenda wapi?

Usinijibu habari za mjukuu.

Kaka yako

9 Mei 2001

Kaka yangu,

Shikamoo. Umenikataza mjukuu, basi sina habari za kuanzia.

Nimekaa na barua yako karibu wiki mbili. Binti yangu aliniuliza, "Mama, mbona husemi?" Nikamwambia ni meno. Maswali yako yamenitisha, Kaka, na nitakuambia kwa nini. Mtu asiyejua huuliza ilikuwaje. Wewe umeuliza kama wakili anayeshika majibu mkononi. Hata sijui kama nakujibu wewe au nakiri mbele ya mtu aliyenitega. Lakini Injinia hakunitambua Jumatano mpaka nilipozungumza. Sina muda wa kukuogopa.

Orodha aliileta Karani Mkuu, imeandikwa kwa mkono wake, wino wa buluu. Majina kumi na mawili. Jina la ukoo lilitangulia, kwa hiyo wewe na yeye mlifuatana, mstari juu ya mstari, na nusu ya kwanza ya mistari yenu ilifanana. Niliiandika mimi kwenye stensili.

Hujawahi kuona stensili, nikueleze. Ni karatasi laini yenye nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye taipureta, herufi zinatoboa badala ya kuandika. Uliyoyaandika huyaoni mpaka uinue karatasi dirishani. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu, unasubiri ikauke, unapiga tena. Kwa hiyo macho yanakaa kwenye karatasi unayoinakili, na rula unaiweka chini ya mstari unaosoma. Ukimaliza mstari, unashusha rula. Mama wa kizungu alikuwa ameniachia rula yake ya mbao, ndicho kitu pekee alichoniachia kwa mkono wake.

Nilishaandika kichwa: Vijana kumi na wawili wafuatao wamechaguliwa. Nilishaandika majina matano. Mstari wa sita ulikuwa wako, nimeufikia. Hapo wakaingia mafundi na ngazi. Walikuja kuteremsha ile picha ya zamani na kutundika picha mpya ya kiongozi wetu. Ngazi haikupita, nikavuta meza. Wakatundika. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na ofisi nzima ikasimama. Nami nikasimama. Nilikuwa na rula mkononi, nikawa naipiga kwenye kiganja cha pili, nalia. Kaka, sikuwahi kufurahi hivyo kabla ya siku ile wala baadaye.

Nikakaa. Nikaweka rula, kumbe chini ya mstari wa saba. Niliona jina la ukoo wetu juu yake, nikaendelea. Namba niliweka mwenyewe pembeni, moja hadi kumi na moja, na kichwa nilishakiacha juu na hesabu yake.

Karani Mkuu alitia sahihi bila kusoma, miwani puani. Zikatolewa nakala themanini, zikabandikwa mchana uleule.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nachambua karatasi za kuchomwa nikaiona ile ya mkono, na jina lako lipo. Ningeweza kuinuka nikaenda hatua nane mpaka mezani kwa Karani Mkuu. Nilizihesabu. Nikamkumbuka mwenye stoo na lile bakuli la kitambaa. Nikajiuliza, nani ataamini kwamba msichana ameruka jina la kaka yake kwa bahati mbaya? Watasema nimetumwa. Au watasema nililiingiza mimi kwa hila na mwingine akalitoa. Nikaikunja karatasi nikaitia ndani ya kiatu. Nikarudi nyumbani nikichechemea, na wewe ndiye uliyeniuliza, "Umeumia?"

Jioni ile ukamwambia Baba habari ya Baba Mdogo na bahasha. Sote tulikuwa mezani. Ningesema pale. Sikusema. Kila siku iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi ya ile ya nyuma, mpaka Baba akafa, na baada ya hapo nikaona sina tena haki hata ya kusema.

Kitu kimoja ulikuwa hukijui. Hakuna aliyechukua nafasi yako. Niliona jalada baadaye. Mbele ya nafasi ya kumi na mbili pameandikwa: hakujitokeza.

Lakini Injinia anaamini ulivyosema wewe. Ameamini tangu kijana kwamba baba yake alinunua nafasi moja na kuifuta nyingine, na kwamba madaraja yote aliyojenga aliyajenga kwa jina lako. Kwa hilo ndilo anataka kukuomba radhi. Anataka kufa akiomba msamaha wa kosa ambalo halikufanyika. Kosa ni langu mimi, na mimi ndiye nampangusa jasho kila Jumatano.

Nichukie ukiwa njiani. Ila njoo umwambie ukweli, akuamini. Mimi ataniona namfariji tu.

Karatasi ninayo, imo katika kopo la biskuti. Usiniambie niitume. Siiamini posta, na leo sikuamini hata wewe.

Mdogo wako

30 Mei 2001

Kaka,

Shikamoo. Sijapata jibu. Karani wa posta ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa. Injinia bado yupo. Ameuliza tena.

11 Juni 2001

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yako anakusalimu. Hajui ninachoandika, nimemtuma dukani kununua kitu ambacho tayari kipo.

Uliona vyema. Niliuliza majibu nikiwa nayo. Nilitaka kujua kama utadanganya.

Siku ile mchana nilifika kwenye ubao wa matangazo kabla ya watu wengi. Nilisoma mara ya kwanza, simo. Mara ya pili nikahesabu. Kichwa kinasema kumi na wawili, chini yake kumi na mmoja. Nikatazama chini kabisa pembeni, palipo na namba ya jalada, na baada yake herufi mbili ndogo za jina la mpiga taipu. Zilikuwa zako. Ulinionyesha zile herufi wiki yako ya kwanza ya kazi, ukajivuna nazo siku nzima, ukasema sasa jina lako litasomwa na serikali.

Nilikuwa na hatua chache tu za kwenda dirishani na kusema, "Bwana, hesabuni." Wangehesabu. Halafu wangetazama zile herufi. Na mimi nilimjua mwenye stoo, nilicheza bao naye. Nikageuka nikaenda zangu.

Usinipambe, sikuwa shujaa. Ulipochechemea jioni ya kesho yake nilijua kuna kitu kiatuni. Nilikuuliza "Umeumia?" nikingoja useme. Ungesema neno moja tu, ningekusamehe palepale na kubeba magogo yangu nikiimba. Ulisema, "Msumari." Nikaingiwa na hasira ambayo sikuwa na pa kuiweka. Kwako singeweza, ulikuwa na miaka kumi na sita na mshahara wako ndio uliokuwa ukinunua dawa ya Mama. Baba akaniuliza, "Kwa nini mwanangu hayumo?" Alitaka mtu. Nilikuwa nimemwona Baba Mdogo na bahasha. Nikampa Baba Mdogo.

Nilidhani ni hasira ya wiki moja. Kumbe uongo nao unapata kazi ya kudumu. Kadiri Injinia alivyopanda ndivyo nilivyouamini, na kuna miaka niliuamini kabisa, nikasahau kwamba niliutunga mimi. Kila nilipokutazama nilijiuliza unajua kwamba najua? Ndiyo maana nilihamia huku. Sikuhamia kwa sababu ya msumeno.

Wewe uliruka mstari mmoja ukiwa unashangilia. Mimi nilimfuta Baba Mdogo mzima nikiwa nimekaa, kwa akili zangu timamu, mbele ya ndugu yake.

Msomee barua hii. Msomee yote, usipunguze. Mimi siwezi kuja kumtazama usoni kabla hajajua, na akijua sidhani atataka nije.

Kaka yako

24 Juni 2001

Kaka yangu,

Shikamoo. Sina salamu ndefu.

Nilimsomea Jumatano. Nilimwomba mwanawe atuache, nikafunga mlango, nikaanza na karatasi ya kopo la biskuti. Niliiweka mkononi mwake. Akayasoma majina yote kwa sauti, taratibu, kama mwalimu anayeita darasa. Alipolifikia lako akaweka kidole. Halafu nikamsomea barua yangu, na mwisho yako.

Hakulia. Nilitegemea alie, nilikuwa na leso tayari. Alitazama dari. Kisha akasema, si kwangu, kwa dari:

"Kwenye ndege kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu safari nzima. Niliweka koti langu juu yake."

Nikamwambia kilikuwa chako wewe, Kaka.

Akasema, "Na changu kilikuwa changu?"

Nikamwambia ndiyo, jina lake lilikuwa mstari wa saba tangu mwanzo, kwa wino wa buluu.

Akaniuliza tena. Nikamjibu tena. Mara ya tatu akaanza kucheka, kicheko kibaya chenye kukohoa, mpaka mwanawe akagonga mlango. Akasema, "Kila daraja nililofungua nilisimama nyuma ili nisipigwe picha. Mke wangu alidhani ni unyenyekevu." Halafu uso ukabadilika. Alikasirika, Kaka. Sikuwahi kumwona amekasirika. Aliniambia, "Wewe umenipangusa jasho tangu Novemba na ulikuwa unajua." Akaniambia nitoke.

Ijumaa mwanawe alikuja nyumbani na ujumbe, akausema neno kwa neno kama alivyoagizwa, naye hajui maana yake:

"Mwambie nilimwita aje nimwombe radhi. Nimefuta. Sasa aje aniombe yeye. Na aombe pia kwa niaba ya baba yangu, kwa sauti, maana mimi nasikia vizuri. Nitamngoja, lakini asinichezee, sina muda."

Hilo ndilo jibu. Mimi nimeambiwa nisije mpaka ufike.

Mdogo wako

3 Julai 2001

Mdogo wangu,

Nimekata tiketi. Nitafika Alhamisi ya tarehe kumi na mbili, saa tisa alasiri, Mungu akipenda. Wifi yako nimemweleza yote. Hajanigombeza, na hilo limenitisha kuliko lolote.

Sijui nitasema nini. Nimejaribu mbele ya kioo, lakini sauti yangu siisikii, sijui inatoka kama ya mtu anayeomba au anayeamrisha.

Bado nina shaka kidogo, nikuambie kweli. Nashuku amekufa tayari na nyinyi mnaniita kwenye mazishi. Kwa hiyo tufanye hivi: kama nimechelewa, usije stendi. Usimtume mtu. Nisipokuona nitajua, nitakaa kwenye benchi kwanza. Kama bado yuko hai, simama mahali nitakapokuona.

Kaka yako

(Nyuma ya barua hii, kwa mwandiko wa dada:)

Nilikwenda stendi. Basi lilichelewa kwa muda wa saa mbili. Injinia alikataa kubaki kitandani. Mwanawe alimleta kwa gari, mito miwili mgongoni, blanketi mpaka kidevuni, kioo cha dirisha kimeshushwa. Hakunisalimia. Lakini basi lilipofungua mlango alinyosha kidole, akaniambia, "Hesabu, na safari hii usiruke mtu."

Nikahesabu kwa sauti. Walishuka kumi na mmoja, mlango ukabaki wazi. Halafu akashuka mzee mmoja mwenye begi la turubai, akisita kwenye ngazi, akitutazama mmoja mmoja kama mtu asiyeamini anachokiona.